Shuka la Majani ya Dek

Kabla hujagusa sindano, nawa mikono. Nalitanguliza hilo kwa sababu vijana wanaokuja kwangu hapa Rongo siku za Jumamosi hupitia chipsi kwanza kando ya barabara, kisha huketi kwenye mkeka wangu na kushika kitambaa cheupe kwa vidole vinavyong'aa mafuta. Baadaye wananiuliza kwa nini ua walilodarizi limezungukwa na kivuli cha manjano. Hakuna uchawi hapo. Ni chipsi.

Jina langu ni Boke. Nilizaliwa Ntimaru kwa Wakuria, nikaolewa huku kwa Waluo. Watu wazima wa hapa huniita Nyar Ntimaru, yaani binti wa Ntimaru, kwa maana huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikotoka, hata azeeke namna gani. Nyinyi vijana mnaniita Mama Gati, kwa jina la kifungua mimba wangu. Yote naitika. Kazi niliyoifanya maishani ni moja tu: kudarizi. Nilianza kwa mkono kwenye veranda ya duka la vitambaa, nikamalizia kwa mashine ya kompyuta inayoshona nembo za shule bila kumuuliza mtu swali. Nilipostaafu niliiacha mashine na kelele zake hukohuko, nikarudi kwenye sindano.

Sasa mmenijia, na hamtafuti kazi. Mnatafuta pumziko. Mmoja wenu aliniambia, "Mama Gati, nataka tu kitu ya kupunguza stress, lakini isiwe ya simu." Nikamwambia amefika, uzi hauhitaji bando. Lakini pumziko nalo lina utaratibu wake. Mtu asiyejua kutandika kitanda hulala vibaya hata akiwa amechoka.

Vifaa ni vichache. Tafuta kitambaa cha pamba kisichovutika. Foronya kuukuu inafaa, na marekani ndiyo bora. Fulana ya mitumba achana nayo, kwa sababu ukiivuta inakuja na ukiiachia inarudi, na ua lako litarudi nayo likiwa limekunjamana. Kitambaa kipya kifue kwanza, kitoke wanga, kipungue kama ni cha kupungua. Sindano iwe na tundu refu, la sivyo utashinda ukilamba uzi. Usipoitumia, ichomeke kwenye kipande cha sabuni. Haitapotea kwenye mkeka ikamsubiri mgeni, na ukiichomoa itapita kwenye kitambaa kwa utelezi.

Uzi wa kudarizi ni nyuzi sita zilizolala pamoja. Zitenganishe taratibu, uchukue mbili au tatu. Urefu wake usipite kutoka ncha ya kidole chako hadi kwenye kiwiko. Najua mnachofikiria: uzi mrefu utakuepusha na kutunga sindano kila mara. Ukate mrefu basi, halafu muda uliouokoa uutumie kufungua mafundo huku ukilaani watu wasio na hatia. Kisha kuna ringi, yaani duara mbili za mbao zinazoingiana na kukibana kitambaa katikati. Siku hizi zinauzwa. Sisi tulikata mdomo wa ndoo ya plastiki iliyopasuka, tukakivisha kitambaa juu yake na kukifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kikaze kitambaa mpaka ukikigonga kwa kidole kikujibu. Na ukimaliza kwa siku hiyo kivue ringi. Ukikiacha usiku kucha kitaamka na alama ya mviringo isiyotoka hata kwa pasi.

Hayo yote nilifundishwa na Mama Yunia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyezoea kuchomeka sindano kwenye kilemba chake na kuitafuta kila mahali isipokuwa hapo. Tulikaa watatu kwenye benchi moja pale verandani: yeye, mimi, na msichana wa rika langu aliyeitwa Rose. Rose baadaye aliolewa na mwana wa Mama Yunia. Nina hakika kabisa mama mtu alimchagua kwa mishono yake kabla mwanawe hajamwona sura.

Ulipompelekea Mama Yunia kazi yako hakuitazama. Aliipokea, akasema, "Geuza." Ulikuwa unageuza wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ndipo aanze kuangalia upande wa nyuma. Huko ndiko aliona kama ulikuwa na haraka, kama ulirukaruka kutoka ua hadi ua bila kukata uzi, kama ulikuwa na hasira. "Mbele unaonyesha watu," alisema. "Mimi si watu." Mpaka leo nikipewa kitambaa kizuri dukani nakigeuza, na wenye maduka wananuna.

Jambo moja lilimshinda, nalo ni Rose. Uzi ukifika mwisho, Mama Yunia alipiga fundo dogo nyuma na kukata. Nami nilimwiga, maana nilikuwa mwoga. Rose alikataa mafundo. Yeye alipitisha sindano chini ya mishono iliyokwisha kukaa, mara moja kwenda na mara moja kurudi, kisha akakata karibu kabisa na kitambaa. Ukipapasa hapo huoni kitu. "Itafunguka," Mama Yunia alimwambia. "Haitafunguka," Rose alijibu. Haikufunguka, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Walibishana wakiwa mwalimu na mwanafunzi, wakaendelea kubishana wakiwa mama mkwe na mkaza mwana, na kila mmoja akabaki na njia yake. Siku hizi nawafundisha nyinyi njia ya Rose. Msimwambie mtu.

Msifikiri mimi nilikuwa bora. Kwaya moja ya kanisa ilituletea kanzu nyeupe ili tudarizi msalaba mwekundu kifuani. Nilifanya kazi safi, nikageuza, nikasifiwa. Kisha kwa kiherehere changu nikaamua kuzifua kwa maji moto ili zitoke zinanukia. Ile rangi nyekundu iliondoka kwenye uzi ikaenda kutembea. Waimbaji walisimama mbele ya waumini wakiwa rangi ya waridi kuanzia kidevu hadi kitovu, na mchungaji akahubiri akiwa amefumba macho. Mama Yunia alinitazama, akasema tu, "Yawa," yaani jamani, "Nyar Ntimaru." Tangu hapo uzi mwekundu nauloweka kwanza kwenye maji vuguvugu na kuubana kwenye kitambaa cheupe, narudia mpaka kitambaa kibaki cheupe. Fanyeni hivyo hata kama mwenye duka ameapa kwa jina la mama yake.

Kuhusu michoro, kila mtu wakati ule alidarizi mawaridi. Ukiingia nyumba kumi, viti vyote vina mawaridi, na hakuna aliyewahi kupanda waridi. Mama Yunia alidarizi dek. Ni mboga ile ya kienyeji, mgagani, yenye majani yanayofumbuka kama vidole vya mkono. Alichuma jani bichi, akalilaza kwenye kitambaa, akalizungushia penseli iliyochongwa vizuri. Kalamu ya wino hakuigusa, wala nyinyi msiiguse. Kisha akalishona: ukingo kwa mshono wa kurudi nyuma, kikonyo kwa mshono wa mnyororo, na tumbo la jani akalijaza kwa nyuzi zinazolala sambamba, zikigusana bila kupandana. Mishono hiyo mitatu inatosha. Ukiongeza ile ya bandi, ya kupitisha juu na chini, una mishono ya kukufikisha uzeeni.

Mashuka yake ya dek yalitakiwa na watu hadi ng'ambo ya Magunga, hasa kwa ajili ya wasichana wanaoolewa. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo asingelifanya msichana wa Kijaluo hata akiwa usingizini. Mama mmoja alikuja kuchukua shuka la binti yake. Nikaona uchungu wa mzazi, nikataka kumpa heshima. Nikamnyooshea sindano nikasema, "Mama, weka na wewe mshono mmoja wa baraka."

Aliruka kutoka kwenye benchi. Sindano ilianguka, shuka likaanguka, Rose akaziba mdomo kwa kanga.

Mama Yunia alinivuta ndani ya duka akanieleza. Mama wa msichana ni maro, mkwe wa kijana anayemwoa binti yake, na mkwe huheshimu kitanda cha mkwewe. Hakikalii, hakitandiki, wala hatii mkono wake kwenye kudarizi shuka lake. Akitia, lolote baya litakaloipata nyumba ile litamrudia yeye. Lakini bibi wa msichana ni jambo jingine. Bibi humwita kijana huyo mume wake, humtania kuhusu kitanda hichohicho mpaka kijana ajifiche nyuma ya nyumba. Kwa hiyo shuka la mjukuu hudariziwa na bibi, au hununuliwa kwa fundi bibi asipoweza. Si kila nyumba huku inashika jambo hilo leo. Wengine hununua shuka supamaketi na maisha yanaendelea. Lakini nyumba ya Mama Yunia ililishika.

Nimewaeleza haya yote ili muelewe siku Akinyi alipobisha mlango wangu.

Akinyi ni binti wa Rose, mjukuu wa Mama Yunia. Alikuwa mwaka wa mwisho hapa chuoni Rongo. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika kwao Magunga, ikabaki amalize masomo aende kwa mumewe. Alikuja na mfuko wa karatasi kifuani, amekonda, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akalitoa shuka. Nililijua kabla halijafunguka. Dek lilikuwa limezunguka pembeni, jani kwa jani, likafika kona ya juu na kukatika katikati ya kikonyo. Upande uliobaki ulikuwa ule unaokunjwa juu ya blanketi, unaoonekana na kila mtu.

"Dani alipatwa na stroke," Akinyi akasema. Dani ni bibi, ndiye Mama Yunia. "Mkono ya kulia imekataa kabisa. Na macho sasa anaona ukungu tu."

Niliketi. Nilimfikiria yule mwanamke bila sindano mkononi, nikalia, na sikuona haya kulia mbele ya mtoto.

"Amesema nikuletee," akaendelea. "Amesema unifundishe lakini usinishonee. Amesema kazi yako wewe ni ya duka."

Machozi yakakauka. Hata akiwa kitandani alikuwa bado ananikosoa.

"Umewahi kushika sindano?"

"Nilishona kifungo moja. Ilitoka." Kisha akainamisha kichwa. "Mama Gati, anataka aishike ikiwa imeisha. Na mimi sijui kama ataningoja. Akienda kabla nimalize je?"

Nikamwambia akanawe mikono.

Mtu akijifunza akiwa na hofu, hofu huingia kwenye uzi. Akinyi alivuta kila mshono kama anafunga ng'ombe mkaidi. Jani lake la kwanza kwenye foronya ya majaribio lilijikunja likawa kama sikio. La pili vilevile. Alitaka kuhamia kwenye shuka siku hiyohiyo, nikakataa, akanikasirikia, nikamwacha akasirike. Nilimwambia afanye hivi, nanyi nawaambia: sindano ikitoka, usivute kwa mkono mzima. Vuta mpaka uzi uguse kitambaa, basi. Uzi ukae, usibane. Na unapovuta, pumua. Wengi wenu hubana pumzi bila kujua, ndiyo maana mabega yanawauma baada ya ua moja. Mkono ukishapata mwendo, kichwa hunyamaza chenyewe. Huwezi kukiamrisha.

Akaanza kuja kila siku baada ya masomo. Kulikuwa na wakati aliinua kichwa akashangaa jua limekwenda wapi. "Nimesahau hata kuangalia simu," alisema, kana kwamba ameibiwa. Usingizi ukaanza kumrudia. Nikamruhusu aguse shuka, na majani yake ya mwanzo pale yalikuwa na mafundo niliyomfundisha, yamevimba nyuma kama mbegu za mtama, lakini yalikuwa majani. Aliniomba tufumue. Nikakataa hilo pia. Ukifumua kila kisichopendeza hutamaliza kitu, utabaki na kitambaa chenye matundu.

Tatizo lilikuwa pale kati, kwenye tumbo la jani. Nilimwonyesha mara nyingi, lakini vidole vyangu vya siku hizi, baada ya miaka ya kubonyeza mashine, vinatetemeka kidogo, na mfano mbaya hauzai mwanafunzi mzuri. Aliyeweza kujaza jani lile kama Mama Yunia alikuwa mtu mmoja tu duniani.

Mtu huyo alikuja siku ya soko. Rose alishuka kutoka Magunga na kikapu cha samaki wakavu, akanisalimu, akaketi, akamwona binti yake akihangaika na jani. Aliangalia kidogo. Kisha akaiweka mikono yake miwili chini ya mapaja na kuikalia.

"Mama, si ushone hii moja tu nione vile inaenda?" Akinyi akamwomba. "Tuko sisi watatu. Nani atajua?"

"Siku mtoto yako ataumwa na kichwa, nitasema ni hilo jani," Rose akajibu. "Kila homa itakuwa yangu. Unataka niishi hivyo?"

Akinyi akaanza kulia. Rose naye uso ukamvunjika, lakini hakuondoa mikono. Nimewajua wanawake wengi wenye mikono hodari, na sijawahi kumhurumia mmoja wao kama nilivyomhurumia yeye siku ile. Kazi aliyoiweza kuliko zote ilikuwa mbele yake, ya mtoto wake, na alikuwa mtu pekee chumbani asiyeruhusiwa.

Kisha akaniuliza, "Nyar Ntimaru, uko na gunia ya unga? Ile ya kitambaa?"

Nilikuwa nayo, kutoka kwa waoka mikate. Rose alilifumua gunia, akalitandaza mapajani, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba karibu na dirisha, mbali na shuka. Akamwambia binti yake, "Angalia yangu, shona yako." Akachora jani la dek bila kutumia jani, akatia sindano. Akinyi aliangalia, akashona. Rose akasubiri, akaingiza uzi mwingine. Hivyo ndivyo walivyokwenda, mama kwenye gunia, binti kwenye shuka, nafasi ya mkeka mzima kati yao. Rose alirudi siku ya soko iliyofuata, na iliyofuata tena.

Siku moja uzi wa kijani ulikuwa unaelekea kwisha, nikatoka kwenda kuutafuta. Nikawaacha wawili. Rangi ileile haikupatikana haraka, nikakawia. Nilipovuka mlango, Rose alikuwa dirishani na gunia lake, Akinyi mkekani na shuka lake, na kwenye shuka palikuwa na jani jipya. Lilikuwa zuri kuliko yote yaliyotangulia. Nilitaka kuuliza. Nikaogopa jibu, nikaenda kuchemsha chai.

Tulikwenda Magunga sote watatu masomo ya Akinyi yalipokwisha. Mama Yunia alikuwa ameketishwa nje kwenye kiti chake, blanketi miguuni, mkono wa kulia umelala kama kitu cha mtu mwingine. Siku zote alipoongea nami alichanganya Kiswahili na Kijaluo, kana kwamba nimefika kutoka Ntimaru jana.

"Nyar Ntimaru. Ulishona?"

"Sikushona, Mama."

"Ber," yaani vyema. Akapokea shuka mapajani. "Nyakwara, geuza," akamwambia mjukuu wake.

Akinyi akageuza. Mama Yunia hakuweza kuona tena, akatumia vidole vya mkono wa kushoto. Alipita juu ya kazi yake mwenyewe haraka, mafundo madogo yakimjibu kwa mpangilio. Akafika kwenye kona. Akafika kwenye majani ya mwanzo ya Akinyi, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Hii ni ya mtoto." Akaendelea. Vidole vikapunguza mwendo. Vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapapasa tena mahali palepale.

"Mama Akinyi," akamwita Rose.

"Mama."

"Hapa hakuna fundo."

Rose akasogea hatua moja.

"Mimi nafunga. Nyar Ntimaru anafunga. Ni mtu moja tu alikataa kufunga kwa benchi yangu." Sauti yake haikupanda. "Umetia mkono kwa shuka ya mtoto?"

"Sijatia, Mama."

Nilikumbuka uzi wa kijani, nilikumbuka jani zuri, na Mungu anisamehe, sikumwamini rafiki yangu. Kama Rose alikuwa ametia mkono, shuka lile lisingetandikwa kamwe, na kazi ya mwisho ya mkono wa Mama Yunia ingefungiwa sandukuni. Rose mwenyewe alisimama wima, mikono ameikumbatia, akimwangalia mama mkwe wake asiyeweza kumwona.

Akinyi hakubishana. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha sabuni, akachomoa sindano. Kumbe alikuwa ameliacha jani la mwisho, lile linalokutana na jani la kwanza kabisa alilolishona bibi yake. Alikusudia wamalize pamoja. Akapiga magoti, akavisha ringi palepale juu ya magoti ya Mama Yunia, akauchukua mkono wake wa kushoto na kuuweka chini ya kitambaa.

"Dani, shika hapa. Usiogope, haitakudunga."

Akashona. Mama Yunia alituliza kiganja chini, akiisikia sindano ikichungulia na kurudi. Jani likajaa. Kisha Akinyi akaipitisha sindano chini ya mishono iliyokwisha, ikaenda mara moja, ikarudi mara moja, akakata karibu. Mama Yunia akapapasa. Hakukuwa na fundo.

"Yawa," alisema. Akapapasa tena. "Nani alikuonyesha?"

"Mama. Lakini kwa gunia."

Rose akalitoa gunia kwenye kikapu. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulitazama vizuri, nilijua tu ni la majaribio. Likafunguka mapajani kwa Mama Yunia. Kila jani ambalo Akinyi alikuwa amelishona kwenye shuka, Rose alikuwa amelishona hapo pia, hata yale ya mwanzo. Lilikuwa upande wa juu mzima wa shuka, umekamilika, umedariziwa kwenye gunia la unga ambalo maandishi ya bluu ya kampuni bado yalisomeka katikati. Mama Yunia hakumwambia mtu ageuze. Aligeuza mwenyewe, kwa mkono mmoja, kwa taabu, akalipapasa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja tu.

"Haikufunguka," alisema.

"Haifunguki, Mama," Rose akamjibu.

Kisha yule bibi akarudia hali yake. Akamwagiza Akinyi amwambie chuora, yaani mume wangu, akimaanisha yule kijana anayemwoa Akinyi, kwamba alale akiwa amekata kucha, asije akakwaruza majani ya mke wake mkubwa, yaani yeye bibi. Akinyi alificha uso kwa shuka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Na hii?" Rose akauliza, akinyoosha mkono kulikunja gunia. "Nirudishe kwa kikapu?"

"Wacha," Mama Yunia akasema. "Hiyo nitandikie hapa kwa kiti yangu. Hii si kitanda ya mkwe."

Rose alisimama. Mikono yake ilikuwa safi, nilikuwa naye njia nzima. Lakini alizunguka nyuma ya nyumba, tukasikia maji yakimiminwa kutoka kwenye mtungi, na akarudi akiifuta kwenye leso. Ndipo akamwinamisha mama mkwe wake mbele kidogo, akalitandika gunia mgongoni pa kiti, na kulinyoosha kwa viganja vyote viwili, polepole, mpaka kwenye pembe.